BURNHAM: Mwindaji mfupi aliyewatafutia kondoo wa jangwani uwanja wa nyumbani

SHABIKI wa soka ukimtajia kondoo dume, haraka haraka atakumbuka Derby County, ile timu ya England ambayo jina lake la utani ni The Rams na kwenye nembo yake kuna kondoo. Anayefuatilia mpira wa Wamarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, atakutajia Los Angeles Rams, wale jamaa wenye pembe zilizochorwa kwenye kofia zao ngumu.

Huku kwetu kondoo hana heshima hiyo. Mtu akiitwa kondoo ujue kadharauliwa. Ni mpole, anafuata mkumbo, anapelekwa machinjioni kimya kimya. Beki akicheza kikondoo anapigwa benchi dakika ya 30 na hakuna anayemwonea huruma.

Lakini kuna kondoo mmoja wa porini ambaye ukimwona unabadili mawazo yote hayo. Anaishi kwenye majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Dume lake linagongana vichwa na dume mwenzake mpaka mlio unasikika umbali wa zaidi ya kilomita moja. Miaka ya 1930, katika jimbo la Arizona, kondoo huyu alikuwa anaelekea kushuka daraja. Na hapa siongelei daraja la kwanza au la pili. Naongelea kutoka kabisa duniani.

Mtu aliyepuliza filimbi kuzuia jambo hilo alikuwa mzee wa miaka 75, mfupi, tajiri wa mafuta, aliyepigana vita tatu bara la Afrika, akatafuta madini Kenya, na aliwahi kupigania viboko wa Afrika wapelekwe kufugwa Marekani. Anaitwa Meja Frederick Russell Burnham. Alifariki mwaka 1947.

Kama unajiuliza kondoo na mzee wa vita wanafanya nini kwenye kurasa za michezo, jibu ni jepesi. Marekani uwindaji ni mchezo, na kwenye magazeti mengi ya huko habari zake zimezoea kukaa jirani na matokeo ya mechi. Kwa wawindaji wa huko, kumpata dume wa kondoo wa jangwani ni kama kubeba kombe ambalo wengi wanastaafu bila hata kuligusa.

FUTI TANO NA INCHI NNE

Burnham alizaliwa Mei 11, 1861 huko Tivoli, Minnesota, karibu na ardhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Dakota. Baba yake alikuwa mchungaji. Mwaka 1862 Wadakota waliinuka kupigana na walowezi, na siku moja mama yake akaona wapiganaji wanakuja wakati baba hayupo. Asingeweza kukimbia akiwa na mtoto mikononi. Akamficha kichanga wake kwenye rundo la mabua ya mahindi, kisha akakimbia peke yake. Aliporudi nyumba ilikuwa imeungua, lakini mtoto alikuwa amelala salama pale pale alipomwacha.

Hiyo ndiyo stori waliyoisimulia kwenye familia yao, na Burnham aliibeba maisha yake yote. Kukaa kimya na kujificha ilikuwa somo lake la kwanza.

Familia ikahamia Los Angeles, wakati huo mji mdogo tu wa vumbi. Akiwa na miaka 12 baba akafariki. Mama akarudi mashariki kwa ndugu, dogo akagoma kuondoka. Akabaki California peke yake, akapata kazi ya kupeleka ujumbe kwa farasi kwenye kampuni ya simu za maandishi ya Western Union. Fikiria dogo wa darasa la sita wa leo anapewa farasi na kuambiwa barua hii ifike mji wa jirani kabla jua halijazama.

Baada ya miaka michache akaingia Arizona, na huko ndiko alikosomea kazi iliyompa jina. Wakati ule jeshi la Marekani lilikuwa linapigana na Waapache, na wazee wa porini walimfundisha kusoma nyayo, yaani kuangalia jani lililokunjwa, jiwe lililogeuka, mavi ya farasi, na kujua nani kapita, lini, na alikuwa na haraka kiasi gani. Kama ulivyo mchezaji anayekariri mguu wa kipa kabla ya kupiga penalti, Burnham alikariri jangwa.

Kwa urefu alikuwa na futi tano na inchi nne tu. Hakuvuta sigara, na pombe aliikwepa sana kwa hofu ya kuharibu pua yake, kwa sababu kwake kunusa moshi wa adui au harufu ya maji ilikuwa sehemu ya kazi. Kwa maisha ya baadhi ya mastaa wetu wa leo, nadhani kuna cha kujifunza hapo, ila tusonge.

ALIKOCHEZA UGENINI

Mwaka 1893 alipanda meli na mke wake Blanche na mtoto wao wa kiume, wakatua Durban, wakaanza safari ndefu ya kwenda Matabeleland, ambayo leo ni sehemu ya Zimbabwe. Alikuwa anakwenda kufanya kazi kwa Cecil Rhodes na kampuni yake.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Burnham alikuwa upande wa waliokuja kuchukua ardhi ya Wandebele na kumng'oa Mfalme Lobengula. Mwisho wa mwaka 1893, kikosi kidogo cha Meja Allan Wilson kilichokuwa kinamfukuza Lobengula kilizingirwa karibu na Mto Shangani. Burnham na wenzake wawili walitumwa kufuata msaada. Wao wakapona, waliobaki wakauawa wote.

Mwaka 1896 Wandebele waliinuka tena. Burnham na Bonar Armstrong waliingia kwenye pango katika milima ya Matobo na kumuua mtu waliyedai ndiye Mlimo, kiongozi wa kiroho wa uasi huo. Wazungu wa wakati ule walimshangilia. Wanahistoria mpaka leo wanabishana kama aliyeuawa alikuwa mwenyewe au mtu mwingine tu. Msomaji wa Afrika hawezi kuipitia stori hiyo huku anapiga makofi, na mimi sikuombi ufanye hivyo.

Vita hiyo hiyo ilimchukulia binti yake mdogo, Nada, aliyefariki Bulawayo mji ukiwa umezingirwa, kwa homa na njaa.

Milimani Matobo pia alikutana na ofisa mmoja Mwingereza, Robert Baden-Powell. Walizunguka pamoja porini, Burnham akimwonyesha mbinu zake za kusoma nyayo na kuishi bila kuonekana. Baden-Powell akaja kuanzisha Skauti, na mengi aliyowafundisha watoto yalianzia kwenye mazungumzo yale. Ukimwona skauti wa Tanzania au Kenya na skafu yake shingoni, kuna kitu kidogo cha Burnham pale. Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri, Kenya.

Januari 1900, akiwa Alaska kwenye mambo ya dhahabu, Burnham akapata simu ya maandishi kutoka kwa Lord Roberts aliyekuwa anakwenda kuongoza jeshi la Uingereza dhidi ya Makaburu. Aliondoka na meli ile ile iliyoleta ujumbe. Usajili wa siku ya mwisho wa dirisha ndio huo. Akawa mkuu wa wapelelezi, akakamatwa, akatoroka, akalipua reli, akaanguka na farasi akaumia vibaya. Mfalme Edward wa Saba akamvalisha nishani mwaka 1901 na kumpa cheo cha umeja, ingawa aligoma kuacha uraia wake wa Marekani.

Miaka iliyofuata akaja huku kwetu. Aliongoza msafara mkubwa wa kutafuta madini Kenya kwa niaba ya East Africa Syndicate, na ripoti zake zikaitangaza magadi ya Ziwa Magadi kwa matajiri wa London. Vitabu vya Wazungu vinasema aligundua. Wamaasai walikuwa wanachota magadi pale kabla babu yake Burnham hajazaliwa, kwa hiyo tukubaliane kwamba alionyeshwa.

KIBOKO WA LOUISIANA

Kuna sehemu moja ya maisha yake ambayo ukiisimulia kijiweni watasema umetunga. Mwaka 1910 mbunge mmoja wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka muswada kwenye Bunge la Marekani akitaka serikali itoe fedha kuleta viboko kutoka Afrika na kuwafuga kwenye vinamasi vya kusini. Nchi ilikuwa na uhaba wa nyama, na mito ya Louisiana ilikuwa imezibwa na gugu maji, lile lile linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Kiboko angekula magugu, Mmarekani angekula kiboko.

Burnham alikuwa mstari wa mbele kuunga mkono. Aliamini nchi yake ina nafasi ya wanyama wengi wa Afrika, hasa kwenye majangwa aliyoyajua. Pembeni yake alisimama Fritz Duquesne, Kaburu ambaye wakati wa vita alikuwa na kazi ya kumsaka Burnham amuue, kama Burnham naye alivyokuwa na kazi ya kumsaka yeye. Muswada ukakwama. Duquesne baadaye akafungwa Marekani kwa kuongoza mtandao wa majasusi wa Ujerumani.

Unaweza kucheka kuhusu viboko, lakini kitu kimoja kinaonekana pale. Zaidi ya miaka 20 kabla ya habari ya kondoo, Burnham alikuwa anawaza wanyama kama kocha anavyowaza kikosi: nani anafaa eneo gani, nani anapungua, nani aongezwe. Kosa lake la mwaka 1910 lilikuwa kutaka kuleta wageni. Mchezaji wa kweli wa jangwa la Arizona alikuwepo tayari, na alikuwa anakufa.

MCHEZAJI MWENYEWE

Kondoo wa pembe kubwa wa jangwani si yule unayemwona kwa wafugaji wa Dodoma. Hana manyoya ya kusokotwa. Ana nywele fupi za kahawia kama swala, makalio meupe, na dume lina pembe nene zinazozunguka kurudi nyuma, kushuka, kisha kupanda tena mbele karibu na macho. Dume zima lina kilo kati ya 55 na 90, na pembe peke yake zinaweza kufika kilo 13. Jike lina pembe pia, ila fupi na nyembamba.

Pembe hizo hazidondoki kila mwaka kama za paa wa nchi za baridi. Zinakua maisha yake yote, na kila mwaka zinaacha mkunjo kama pete. Mwindaji mzoefu akimpiga darubini dume aliyetulia kwenye mwamba, anaweza kuhesabu pete hizo na kujua umri.

Msimu wa kupandana jangwani huanzia kwenye joto la katikati ya mwaka na kwenda mpaka karibu na Oktoba. Muda mwingi wa mwaka madume hukaa kundi lao na majike kundi lao na watoto. Msimu ukifika, madume mawili ya ukubwa unaofanana hurudi nyuma, husimama kwa miguu ya nyuma, kisha huja kwa kasi na kugongana. Fuvu lina matabaka mawili ya mfupa yenye nafasi katikati, ndiyo maana ubongo haupasuki. Pambano linaweza kuchukua saa kadhaa. Mara nyingi halifiki huko, maana dume dogo likiona pembe za mwenzake linajua nani nahodha na linajiondoa.

Mimba hukaa karibu miezi sita, na kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja tu. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Timu inayosajili mchezaji mmoja kwa msimu haiwezi kumudu majeruhi wengi, na wanaomtaka mtoto huyo ni wengi: tai, koyote ambaye ni kama mbweha, na puma. Kinga yake ni mwamba. Kwato zake zina ukingo mgumu nje na nyama laini ndani inayoshika jiwe, hivyo anapanda genge ambalo puma anasita. Macho yake ni makali ajabu. Ndiyo maana wawindaji husema ukimwona kondoo bila darubini, yeye kakuona zamani.

Halafu kuna maji. Milima hii ya Arizona ina joto linalopita nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Kondoo huyu anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa. Wakati wa baridi, majani mabichi yanaweza kumtosha kwa wiki nyingi. Hali ikibana hutumia pembe na kwato kuvunja kaktasi, ile mimea ya miiba yenye shina lililojaa maji, akala nyama ya ndani. Lakini kiangazi kikikolea lazima arudi kwenye dimbwi, na madimbwi yako machache, kwenye mashimo ya mwamba yanayodaka maji ya mvua. Anayelimiliki dimbwi ndiye anayemiliki kondoo.

JINSI WALIVYOISHA

Wachimba dhahabu na fedha walipomiminika Arizona karne ya 19, walihitaji nyama. Kondoo wa pembe kubwa akawa kitoweo cha kambi za migodi. Jina la milima ya Kofa lenyewe limetokana na mgodi wa King of Arizona, ambao mali zake zilipigwa mhuri wa K of A. Mwindaji alikuwa anajibanza juu ya dimbwi la maji, anasubiri kundi lije kunywa, anapiga anavyotaka.

Mwaka 1893 Arizona ilipiga marufuku kuwinda kondoo hawa. Kwenye karatasi mechi ilikuwa imekwisha. Lakini idadi iliendelea kushuka, na hapa ndipo wengi hukosea wakidhani bunduki ndiyo mchawi pekee.

Wafugaji walileta kondoo wa kufugwa na mbuzi kwa maelfu. Walikula majani, walikunywa maji, na baya zaidi waliwaambukiza wale wa porini magonjwa. Kondoo wa kufugwa anaweza kubeba vijidudu vya nimonia na asionekane mgonjwa. Akikutana pua kwa pua na wa pembe kubwa, kundi zima la porini linaweza kufa, na watoto wanaozaliwa baadaye wakaendelea kufa miaka kadhaa. Kuna punda pia. Wachimba madini waliposhindwa waliondoka na kuacha punda wao, punda wakazaliana, wakakalia madimbwi.

Kwa hiyo sheria ilimzuia mtu mwenye bunduki, lakini haikumpa kondoo uwanja. Unaweza kumfungia mpinzani wako mechi zote, kama huna sehemu ya kufanyia mazoezi utashuka tu.

MZEE ANAINGIA DAKIKA ZA MWISHO

Burnham alikuwa amepata mafuta Dominguez, karibu na Los Angeles, mwaka 1923. Akawa tajiri kweli, na uzeeni akageukia uhifadhi. Alikaa kwenye tume ya kwanza ya hifadhi za jimbo la California na alikuwa mwanachama wa Boone and Crockett, klabu ya wawindaji iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887. Hakuwa mtu wa kuchukia bunduki. Alikuwa mwindaji anayejua kuhesabu.

Na kwa hesabu yake, kwenye milima ya Arizona walikuwa wamebaki kondoo wasiofika 150.

Angeweza kufanya walichofanya wengi, yaani kuandika barua kwa wakubwa na kusubiri. Mwaka 1936, mwaka ambao chama cha Skauti cha Marekani kilimpa nishani yake kubwa, aliamua kupitia mlango mwingine. Alimtafuta George F. Miller, mtendaji wa Skauti mjini Phoenix, akampa mpango wake: watoto ndio waifanye kazi hii.

Nikiutazama mpango ule kama mtu wa michezo, naona alikuwa anajenga mashabiki. Shule za jimbo zima zikaingia kwenye shindano la kuchora bango la kuokoa kondoo wa pembe kubwa. Burnham akatoa zawadi. Michoro ikabandikwa kwenye madirisha ya maduka, hata baba aliyekwenda kununua misumari akakutana na kichwa cha kondoo. Nembo iliyoshinda ikatengenezwa kuwa kibanio cha skafu na kugawiwa skauti 10,000. Watoto wakaigiza michezo ya kuigiza shuleni na kuongea redioni.

Sasa fikiria wewe ni mwanasiasa wa Arizona. Wafugaji wana hela na kura, na ukitenga ardhi kubwa kwa ajili ya kondoo wa porini unagusa malisho yao. Wachimba madini hawataki kusikia kabisa neno hifadhi. Upande wa pili hakuna mtu, maana kondoo hapigi kura. Ghafla mtoto wako mwenyewe anarudi nyumbani na kondoo shingoni, anauliza mezani baba umefanya nini kuhusu hawa. Sijui kama kuna presha ya jukwaani inayozidi hiyo.

Vyama vya kitaifa vikaingia kusaidia, wakiwemo National Wildlife Federation, Izaak Walton League na Audubon. Ubishi ulichukua muda, na kilichopatikana mwishoni hakikuwa ushindi wa mabao matano. Ilikuwa suluhu ya kugawana. Januari 1939, chini ya Rais Franklin Roosevelt, maeneo mawili yalitengwa: Kofa, na Cabeza Prieta iliyoko mpakani na Mexico. Kwa pamoja ni zaidi ya ekari milioni 1.5, ambazo ukizipima kwa viwanja vya mpira ni zaidi ya viwanja 800,000. Ila idara ya wanyamapori ilipewa kuyasimamia kwa pamoja na idara ya malisho, na hali ilibaki hivyo mpaka mwaka 1976 ndipo wanyamapori wakaachiwa peke yao. Miaka 37 ya kuchezea uwanja wa kukodi na mwenzako, si mchezo.

Vijana wa mpango wa ajira wa serikali walipandishwa milimani kuongeza na kukarabati madimbwi ya maji. Kwangu mimi hilo ndilo bao lenyewe. Mstari kwenye ramani haumnyweshi kondoo, dimbwi linamnywesha.

Aprili 2, 1939 Burnham alisimama kuhutubia sherehe ya kuzindua hifadhi hiyo. Alikuwa anakaribia miaka 78.

BUNDUKI ZINARUDI

Alifariki Septemba 1, 1947 huko Santa Barbara, California, akiwa na miaka 86. Kwa muda wote alioupigania uhai wa kondoo hawa Arizona, sheria haikumruhusu yeye wala mtu mwingine kupiga hata mmoja. Uwindaji ulifunguliwa tena mwaka 1953, kwa vibali vichache sana na kwa madume tu.

Mpaka leo utaratibu ni wa kubana. Waombaji ni maelfu, vibali ni vichache, na anayepata hupatikana kwa bahati nasibu. Kuna watu wanaomba zaidi ya miaka 20 hawajaitwa. Ukishinda, unatembea siku nyingi kwenye mawe makali, unalala huko, unatumia darubini kuliko miguu, unamtafuta dume mzee aliyekwisha kuzaa. Dume la namna hiyo kundi linaweza kumkosa na likaendelea, lakini ukiwaua majike timu imekufa. Vibali vichache mno vya pekee hupigwa mnada, na vimewahi kufika mamia ya maelfu ya dola kwa kondoo mmoja. Hela hiyo hurudi kwa kondoo: kujenga matenki ya maji, kuwahesabu kwa helikopta, kuwahamisha.

Najua kuna msomaji atasema huu ni unafiki, unamwokoa mnyama ili umuue. Hoja hiyo ina uzito na watu wa Tanzania wanaijua vizuri, maana na sisi tunauza vibali vya uwindaji wa kitalii na tunabishana kila mwaka. Jibu la upande wa Arizona ni kwamba marufuku ya 1893 peke yake ilishindwa kwa zaidi ya miaka 40, na kilichowafufua kondoo ni ardhi, maji na watu walio tayari kulipia. Mimi nikiwa mwandishi wa mpira naegemea jibu hilo, ila sijamsahau yule aliyekatwa kichwa kikatundikwa ukutani.

Kofa ikawa akademi. Kondoo walikamatwa pale na kupelekwa kwenye milima mingine ya Arizona, pia New Mexico na Texas, jimbo ambalo kondoo wake wa asili walikuwa wameisha kabisa. Siyo kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Mwaka 2000 Kofa ilikuwa na kondoo zaidi ya 800, kufika 2006 wakahesabiwa 390 tu. Ukame na puma vilitajwa sana, na ukaibuka ubishi mkubwa kuhusu kuwapiga risasi puma ili kuwalinda kondoo, ubishi ambao Burnham angeukuta mezani angevuta kiti.

Mwaka 1931, kwenye milima ya San Gabriel juu ya Los Angeles, kilele kimoja kilizinduliwa kwa jina la Baden-Powell, na Burnham ndiye aliyesimama kumzungumzia rafiki yake. Miaka minne baada ya yeye mwenyewe kufariki, mwaka 1951, kilele cha jirani kikazinduliwa kwa jina la Burnham. Vilele hivyo viwili vinatazamana kwenye mgongo mmoja wa mlima, na kwenye magenge ya safu hiyo hiyo kondoo wa pembe kubwa wapo mpaka leo.